Ukoko wa Mdogo Wangu

Binti aliyenipigia simu alikuwa na sauti ya mtu anayelipwa kutabasamu. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Korogwe, jirani na stendi, naunga mkono wa gauni la mteja aliyekuwa akilitaka jioni ile. Akaniita kwa jina langu la shule, ambalo siku hizi hakuna aniitaye, akasema namba yangu kapewa na mwalimu wangu wa zamani. Kile kipindi cha watoto cha Jumamosi, akasema, kinarudi.

Nilijua kinarudi. Kwa wiki mbili saluni ya jirani, ambako runinga haizimwi hata kama hakuna kichwa cha kusuka, ilikuwa ikirusha tangazo lake pamoja na ule wimbo wa kufungulia: ngoma, filimbi, watoto wanapiga makofi. Kila ulipoanza nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisiusikie. Watu wa umri wangu wote wanakijua kipindi hicho. Kulikuwa na kwaya, sarakasi, maigizo, vitendawili, mtoto wa kughani shairi akasahau katikati, na mwishoni salamu za nyumbani. Wenye runinga walikitazama makwao. Sisi wengine tulikitazama kwa watu, tukiwa dirishani, mpaka mwenye nyumba achoke kutuona.

Binti akanieleza kwamba kila wiki wataonyesha kipande cha zamani, halafu wawaite studio wale watoto wa wakati ule, sasa watu wazima. Kipande cha shule yetu ya Handeni wamekipata.

"Tungependa mje wote wawili, dada," akasema. "Wewe na yule mdogo wako. Ametuchekesha sana hapa ofisini."

Nikamjibu kwamba mdogo wangu hapatikani. Akaniomba namba yake nyingine.

Sikumkasirikia, angejulia wapi. Nikamwambia alifariki siku ya nne tangu tutoke kwenye kipindi chao. Akasema pole, akasema pole tena, na kwa kuwa hakujua afanye nini na huruma yake, akasema atanitumia kile kipande nikitazame kabla ya watu wengine. Kingerushwa Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi alasiri. Kabla sijameza mate kikawa kimeingia kwenye simu, hakijafunguliwa, picha yenye ukungu na mshale katikati. Ndani ya ukungu ule kulikuwa na vitu viwili vyekundu vimesimama karibu karibu, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Ule mkono wa gauni nilikuwa nimeuunga nje ndani, ikabidi niufumue wote.

Nieleze nilichokiogopa, maana si kumwona marehemu. Marehemu wangu namwona kila siku bila kuhitaji simu. Niliogopa asisikike anachosema, au tuseme, niliogopa asikike.

Nilikuwa na miaka kumi, yeye saba. Kikundi cha ngoma cha shule yetu kilialikwa Dar es Salaam kurekodi. Mdogo wangu hakuwa hata mwanakikundi. Mwalimu alimbeba kwa sababu alikuwa mfupi, mchangamfu, na miguu yake ilikuwa haijui kuchoka. Mama alichukua kitenge chake chekundu, kile cha pekee cha maana alichokuwa nacho, akakikata vipande, akashona kwa mkono magauni mawili yenye mikanda ya kufungia nyuma. Asubuhi ya safari alitusimamisha mlangoni akatufunga ile mikanda kwa mafundo makubwa ya maua. Kisha akaniambia nimshike mdogo wangu, nisimwachie mpaka nimrudishe.

Jambo jingine la kujua ni kwamba nyumbani kwetu salamu ilikuwa na ngazi. Babu na bibi walikuwa hai, uani kwao ni uani kwetu. Mtoto akitoka shule anaanza na babu, anafuata bibi, kisha baba mkubwa, kisha baba, ndipo anafika kwa mama. Ukiruka ngazi moja unarudishwa njiani uanze upya, hata kama mvua inanyesha. Mdogo wangu kuna siku alirudishwa mara tatu, kwa sababu akimwona mama alikuwa hawaoni watu wengine. Alilia mpaka babu mwenyewe akacheka. Lakini alipokwisha kuijua ile ngazi aliijua kama ngoma, hakuweza tena kuanzia katikati.

Studio nakumbuka baridi na taa. Tulicheza ngoma ya kwetu, tukapigiwa makofi na watoto wa mjini waliovaa soksi. Baadaye zikaja salamu. Mwalimu alikwisha kutuonya: kila mmoja watu watatu, basi, muda hautoshi. Mimi sikupewa salamu, nilipewa heshima ya kufunga kwa kitendawili, na nilikuwa nimekifanyia mazoezi majuma mawili, mpaka mbuzi wa kwetu walikuwa wanajua jibu. Mdogo wangu alikuwa kabla yangu. Miaka yote nilikumbuka hivi: alimsalimu babu, bibi, baba mkubwa, baba, muda ukaisha. Mama hakutajwa.

Na nilikumbuka kitu kingine ambacho sikukipa maana. Tulipofika Mkata, basi lilipokuwa linaacha barabara kuu kuelekea Handeni, nilikuwa nimempakata mdogo wangu namfunga upya mkanda wake uliofunguka. Mwili wake ulikuwa wa moto. Fundo langu halikufanana na la mama, akalikataa, akasema atafungiwa nyumbani.

Alishuka na homa. Usiku ule hakumtambua mtu. Siku ya nne degedege likamchukua hospitalini, tukamzika Kwaluguru, kwenye shamba la babu. Kipindi kiliporushwa tulikuwa bado kwenye msiba, na baba alikataza mtu yeyote wa nyumba yetu asiende kwenye mashine ya kusaga, ambako ndiko kulikuwa na runinga ya kijiji. Waliokwenda walisema waliiona ngoma tu, jenereta likaisha mafuta. Picha ya mdogo wangu hatukuwa nayo hata moja.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa tunapukuchua mahindi, mama na mimi. Akaniuliza bila kuniangalia kama kule mjini mdogo wangu alimsalimu.

Ningefanyaje? Nilikuwa na miaka kumi, na mama alikuwa amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Nikasema ndiyo. Nikasema alianza na yeye kabla ya watu wote. Nikaona uso wake unafunguka, nikaongeza chumvi. Nikasema: "Alisema, shikamoo mama, nakuja, niwekee ukoko."

Mama aliacha kupukuchua. Alilia, halafu akacheka, halafu akaniambia nirudie.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilidumu zaidi ya miaka ishirini. Jioni ile mama alipika wali, akapakua, akaukwangua ukoko, akauweka kwenye sahani ya bati pembeni ya jiko. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Asubuhi waliupata kuku. Kesho yake akafanya vile vile, awe amepika wali au ugali, na mpaka nimeolewa na kuhamia huku Korogwe sahani ile ilikuwa haijahama mahali pake. Wageni waliuliza, mama akawaeleza. Kila nilipokwenda kumsalimu aliniomba nimwambie tena alivyosema mwenzangu, nami nikasema, kwa sauti ya kitoto kabisa, mpaka nikawa naiogopa sauti ile. Nikila kwake nilikuwa siwezi kuitazama sahani. Mimi nachukia uongo wa watu wazima, nimegombana na wateja na mashemeji kwa ajili yake, na huu wangu niliulisha kila jioni kama mifugo.

Alhamisi mama akapiga simu. Mwalimu alikuwa amemfikishia habari kabla yangu, na mama kwa furaha yake alikuwa amezitembeza kijiji kizima. Ile mashine ya kusaga siku hizi anayo mwana wa mwenyewe, ana dishi na runinga kubwa ya ukutani, amesema Jumamosi hatamtoza mtu kiingilio. Macho ya mama yamepatwa na mtoto wa jicho yote mawili, anaona vivuli tu.

"Sitamwona," akaniambia. "Ila masikio ninayo. Nimewaambia wote wasikilize, mwanangu anaanza na mimi."

Nilikaa siku mbili na ile picha yenye ukungu. Mara kadhaa nilipeleka kidole kwenye mshale nikakirudisha. Nilifikiri kumpigia yule binti nimwombe asirushe. Nilifikiri kumwambia mama nimeumwa, nimwache aende peke yake, asikie anachosikia mbele ya majirani waliokwisha kuambiwa. Wazo hilo ndilo lililonitia aibu mpaka nikapanda basi la asubuhi la Handeni.

Kutoka mjini nilichukua bodaboda. Njiani tulisimama kupisha ng'ombe wa Wamasai, na dereva, kijana wa mjini mjini, akawa anaupiga mluzi ule wimbo wa kufungulia kipindi. Nilimwambia aache. Akaniuliza dada vipi, mbona wimbo mzuri. Nikamwambia mzuri ndiyo, aache.

Mama nilimkuta ameketi nje, ameoga, amejipaka mafuta, amejifunga kanga ambayo hata ncha zake zilikuwa bado ngumu. Saa tano asubuhi, kwa kipindi cha saa kumi. Nikampa shikamoo. Akaitika, akauliza kama tutapata viti vya mbele. Uani palikuwa kimya. Babu hayupo, bibi hayupo, baba mkubwa hayupo, na baba tulimzika wakati wa korosho miaka michache iliyopita. Ngazi yote imekwisha, kabaki mama.

Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikuwa na maneno yangu tangu basi lilipopita Segera. Badala yake nikaitoa simu, nikamwambia kipande kile ninacho hapa, na afadhali tukisikilize sisi wawili kwanza. Alinyoosha mikono yote miwili kama anapokea mtoto wa mtu. Nikamwachia aishike, nikabonyeza mshale.

Ule wimbo, kisha ngoma yetu. Mama aliitikisa miguu. Kisha sauti ya mtangazaji inawauliza watoto wangependa kuwasalimu nani nyumbani, na ukungu ule wa siku mbili ulikuwa umefunguka, mdogo wangu amesimama kwenye kioo cha simu, mzima, ananitazama. Nilikuwa nimesahau sikio lake moja lilivyokuwa limejitokeza. Nilikuwa nimesahau kwamba tulifanana.

"Thikamoo babu," akasema.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

"Thikamoo bibi. Thikamoo baba mkubwa. Thikamoo baba."

Mtoto marehemu alikuwa anawasalimu marehemu wanne, mmoja mmoja, kwa adabu, bila kuruka. Alimpa kila mmoja nafasi ya kuitika, kama anavyofanya mtu aliyesimama uani. Alipomaliza kwa baba akavuta pumzi. Uso wake ulibadilika. Wewe ungemwona ungejua bila kuambiwa ni nani anayefuata, kwa jinsi alivyoanza kucheka kabla ya kusema.

Hapo mkono ukatokea upande wa kulia. Mkono mwembamba, mkono wa gauni jekundu. Ukaushika ule mkanda wa nyuma, ukavuta, fundo la mama likafumuka lote, na mdogo wangu akapotea kwenye picha. Nikatokea mimi. Nikasema kwa sauti kubwa, "Kitendawili!"

Muda haukuwa umeisha. Baada yangu mtangazaji aliongea mpaka nikachoka kumsikiliza. Muda ulikuwapo, tele, na mimi ndiye niliyemvuta mwenzangu kwa sababu niliona salamu zake zimezidi tatu na kitendawili changu kitakosa nafasi. Nilikuwa nimekisahau kitendo hicho kabisa. Sijui ni mimi niliyekisahau au kuna mtu ndani yangu alinifichia.

Simu ilinyamaza. Mama bado aliishikilia kwa mikono miwili. Kwa kitambo alikuwa anatabasamu.

"Kithembe kile," akasema. "Mola wangu, nilikuwa nimekisahau. Meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka."

"Ndiyo, mama."

Kisha tabasamu likamwondoka taratibu. Aligeuza uso upande wangu, yale macho yenye ukungu yakanitafuta.

"Sasa ukoko," akasema, "angeutafuna na nini?"

Akaendelea, si kwa hasira, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Akasema hata siku ile ya mahindi alishangaa, mtoto aanze na mama wakati babu yupo? Akasema alijiambia labda mjini walimfundisha vingine. Kisha akauliza, "Na kwa baba yenu amefika, akavuta pumzi. Mbona akanyamaza?"

Angekuwa anaona, ningeshtakiwa na picha. Lakini mama hakuwa ameuona ule mkono. Ningesema muda uliisha, angeamini, na pengine angefarijika. Neno lilikuwa mdomoni, limezoea njia.

"Nilimvuta, mama," nikasema. "Zamu yako ilikuwa imefika. Nilimvuta mkanda ili nitege kitendawili changu. Na ule ukoko niliutunga."

Nililia, sikujificha. Mama hakunigusa, wala hakunifukuza. Kuku walipita, jirani akapita akauliza tunaondoka saa ngapi kwenda kwenye runinga, mama akamjibu kwamba watangulie. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba kivuli cha paa kilihama kutoka miguuni kwake. Mwishowe akanipa simu, akasema nirudie.

Nikarudia. Thikamoo babu. Thikamoo bibi. Thikamoo baba mkubwa. Thikamoo baba. Ile pumzi ikaja, na kabla mkono wangu haujatokea mama akainama kwenye simu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Hatukwenda kwenye mashine. Waliokwenda walirudi wakatuambia wameiona ngoma, tulikuwa tumependeza, lakini salamu hazikuonyeshwa, yalikuja matangazo. Ningefunga mdomo ningepona. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Jioni mama alipika wali mwenyewe, kwa kupapasa, hakutaka nimsaidie. Tulikula pamoja. Nilipomaliza nikamsikia anakwangua sufuria, nikainamisha macho kama kawaida yangu. Hakwenda pembeni ya jiko. Alikuja na ile sahani ya bati akipapasa ukuta, akaiweka mapajani kwangu.

"Kula," akasema. "Aliyekuwa akiupenda ukoko nyumba hii ni wewe."

Ulikuwa mgumu na umeungua upande mmoja. Niliula wote, na mama akaketi karibu yangu akisikiliza ninavyotafuna.